Kifusi cha Kakesio

Kilichoanza ni inzi. Na mtu yeyote aliyewahi kukaa Karatu mwezi wa saba atakwambia huo si msimu wa inzi. Ukungu unashuka kutoka msitu wa Ngorongoro na kuulalia mji mpaka jua lipande, watu wanatembea wamejifunika mashuka, na hata inzi wa buchani hawaonekani. Lakini Fundi Sylvesta alipomaliza kulainisha zege la chumba kipya nyumbani kwa Hanifa, kabla halijakauka, inzi wakatua juu yake. Walikuja kwa kundi, wakubwa, wa kijani, wakatembea juu ya saruji mbichi wakiinyonya. Wengine walinasa wakafia humo humo, na wenzao wakawakanyaga wakaendelea kunyonya.

Hanifa alikuwa amesimama mlangoni. Akamwambia fundi awafukuze, Sylvesta akajibu kwamba ukigusa zege bichi unaharibu kazi, awaache wafe, likikauka atawakwangua. Hanifa akaenda kunawa mikono kwa maji ya moto na sabuni, ingawa hakuwa amegusa kitu.

Huyu Hanifa, nikwambie mapema, alikuwa mtu wa kinyaa. Sisemi usafi, maana usafi ni sifa. Nasema kinyaa. Alikuwa na duka la vitambaa karibu na stendi, na humo dukani kikombe chake cha chai alikifungia kwenye kabati asije mtu akakigusa. Kwenye harusi alikula nyumbani kwanza, akifika kule anashika sahani tu, anaizungushazungusha. Mumewe Abdulmajid, dereva wa watalii, alikuwa akirudi kutoka kreta ya Ngorongoro anaoga bafu la uani kwanza ndipo aruhusiwe kukaa kwenye kochi la nyumba aliyoijenga mwenyewe. Mtaani walimwita Mama Sabuni. Alijua, na wala hakujali.

Chumba kile alikuwa anamjengea mama yake mzazi, Bi Kuluthumu, aliyekuwa Singida kwa kaka yake Hanifa. Tangu bibi yule afiwe na mumewe alikuwa amekataa chakula. Hospitali walimpima kila kinachopimwa wasione ugonjwa, mwishowe wakasema mkaeni naye nyumbani. Kaka akapiga simu analia, anasema mama amebaki macho tu. Hanifa alikuwa mtoto wa mwisho na binti pekee, na kichwani mwake aliamini jambo moja: mama akifika mikononi mwake, akampikia mwenyewe, atakula. Mwaka ule hakutaka kitu kingine duniani. Alitaka mama yake ale, asife.

Ndipo akamwita Sylvesta, Mwiraqw wa kule Mbulumbulu, fundi mwenye mkono mzuri na maneno machache. Wakazunguka nyuma ya jiko na kamba na vigingi. Hanifa alitaka chumba kipakane na jiko ili mama asikie harufu ya chakula kikipikwa, kiwe na choo cha ndani, dirisha lielekee kwenye jua, na kizingiti kiwe chini kabisa asije akajikwaa. Sylvesta alikubali yote isipokuwa hilo la kizingiti. Akamwonyesha mteremko wa kiwanja, akamweleza kwamba masika ikifika, maji yote ya barabarani na yale matope mekundu yataingia kitandani kwa bibi. Sakafu lazima inyanyuliwe mpaka hapa, akasema, akipima kwa goti lake.

Sakafu ya kunyanyua inataka kifusi kingi, kikavu, kisichobonyea. Na mawe siku zile yalikuwa hayapatikani, malori yote yalikuwa yanamwaga kwenye ujenzi wa hoteli za watalii. Huku kaka wa Hanifa ameshakata tiketi ya kumleta mama. Sylvesta akakuna kichwa, akasema anajua mahali kuna kifusi kimekaa tu, cha kuchukua bure, aende akakilete.

Lori likaja alasiri likarudi kinyumenyume uani. Hanifa akachungulia. Kilichokuwa ndani ni mifupa. Mbavu, mapaja, mafuvu yenye pembe, taya zenye meno bado yamepangana. Sylvesta hakumficha. Alimweleza kwamba baada ya ule ukame mkubwa, mfanyabiashara mmoja alipita vijiji vya Endulen mpaka Kakesio akizoa mifupa ya ng'ombe waliokufa porini, asage chakula cha kuku. Mashine ikaharibika, yeye akahama, lundo likabaki nyuma ya banda lake. Limenyeshewa na kuchomwa jua mpaka halina harufu, halina cha kuoza, na ukilishindilia linashikana vizuri kuliko kokoto.

"Bi Hanifa, uamuzi ni wako," alimaliza. "Ukikataa nalirudisha sasa hivi, tusubiri mawe."

Hanifa alikuwa ameziba pua kwa mtandio, ingawa kweli hapakuwa na harufu. Akafikiria tiketi. Akafikiria yale macho.

"Changanya na udongo, shindilia, mwaga zege," akasema. "Sitaki kuona hata mfupa mmoja. Zege likikauka ni sakafu kama sakafu nyingine."

Akaingia ndani akafunga mlango, akawa anasikia tu mifupa inavyomwagika.

Basi, baada ya wale inzi kukwanguliwa, chumba kikapakwa rangi, kitanda kikaingia, pazia la maua likatundikwa. Siku ya kutandika, Hanifa aliona doa la mafuta sakafuni karibu na mguu wa kitanda. Akalisugua kwa maji ya moto na sabuni mpaka mikono ikawaka. Likatoka. Mchana akarudi, likawa limerudi, na kwa ile baridi lilikuwa limeganda jeupe, nene, unaweza kulichota kwa ukucha. Harufu ilikuwa ya gogo la bucha lisilooshwa. Akapiga magoti asugue tena, jiko limetulia, mtaa wote umetulia kwa sala ya adhuhuri, na hapo akasikia chini ya viganja vyake kitu kinatafuna. Si haraka haraka kama panya. Kilitafuna taratibu, kinasaga, kinanyonya, kinasaga tena, na hakikuwa kinywa kimoja.

Akajiambia ni panya. Ungefanya nini na wewe, mama yako yuko njiani?

Bi Kuluthumu alifika jioni ile amebebwa na Abdulmajid mikononi, kutoka kwenye gari mpaka kitandani. Alikuwa hana uzito. Hanifa alimpelekea uji wa ulezi, akamsogezea kijiko mdomoni, mama akageuza uso kama alivyokuwa anageuza kule Singida. Hanifa akakaa kwenye ukingo wa kitanda akaanza kulia kimya kimya, kijiko mkononi. Ndipo aliposikia mama anavuta pumzi, ndefu, ya mtu anayenusa.

"Hanifa," mama akasema, "chumba chako kinanukia nyama. Nipe."

Jamani, furaha ile nani ataieleza? Hanifa alikimbia mwenyewe mpaka kwa Msafiri wa bucha akamkuta anafunga, akamfungulisha, akarudi na nyama ya supu. Mama alikunywa bakuli zima. Akaomba jingine. Abdulmajid akasema alhamdulillahi, Hanifa akapiga simu Singida, kaka akalia tena, safari hii kwa furaha. Usiku huo Hanifa alilala kama mtu aliyetuliwa mzigo wa kuni.

Kila siku mama alikula zaidi. Mashavu yakajaa, mikono ikajaa, sauti ikarudi. Akaacha wali, akaacha ndizi, akaacha uji. Akataka supu tu, halafu akaacha mchuzi wa supu akataka mfupa. Bi Kuluthumu alikuwa ameng'oka magego zamani, lakini mfupa ukiingia mdomoni mwake ulivunjika, ukasagika, ukamezwa, na Hanifa aliyekuwa jikoni akikata kitunguu alisikia sauti ile akaacha kisu. Ilikuwa ni ile ile aliyoisikia chini ya sakafu. Kilichomsumbua zaidi, sasa zilikuwa zinaitikiana: mama akitafuna juu, kule chini wanatafuna, mama akinyamaza, nao wananyamaza.

Ngozi ya bibi ilianza kung'aa. Ukimgusa, mkono unatoka na mafuta. Foronya zilishika madoa ya manjano yasiyotoka hata kwa kuchemshwa, shuka likamganda mgongoni, na asubuhi Hanifa alipolibandua lilitoka kwa sauti ya gundi. Siku moja mama alimshika shavu, akampapasa kwa mapenzi, akamwita kitindamimba wangu. Hanifa alivumilia mpaka akatoka nje ya mlango. Kisha akakimbilia bombani akausugua uso kwa maji ya moto, akausugua tena, na ile harufu ikabaki puani. Alijichukia. Ni mwana gani anayeosha mguso wa mkono wa mama yake kama kinyesi? Lakini kinyaa hakiombi ruhusa, kinakuja tu.

Akiwa anamsafisha kinywa ndipo aliyaona meno. Mapya, nyuma kabisa, pale penye ufizi mtupu, mapana, ya manjano, yenye mistari ya kusagia. Mtu hana meno ya namna ile. Hanifa aliufunga mdomo wa mama yake taratibu, akaufuta, na hakumwambia yeyote.

Wanawake wa mtaa wakaja kumjulia hali mgonjwa, na sukari yao na sabuni zao. Walimkuta Bi Kuluthumu ameketi kitandani ameshiba, uso unang'aa, wakamsifu Hanifa kwa matunzo. Hanifa akaleta chai na sahani ya sambusa. Mama akanyoosha mkono wa kushoto, akatwaa sambusa, akala. Mkono wa kulia ulikuwa umelala pajani, umegeuzwa kiganja juu, hausogei. Wageni wakatazamana. Hanifa akainama akamnong'oneza mama, mkono wa kulia. Mama akatabasamu, akala nyingine kwa kushoto. Kisha akatoa mdomoni tonge lililotafunwa, akainama ukingoni mwa kitanda, akaliweka sakafuni polepole.

"Kuleni taratibu," akasema kwa sauti ndogo, ile ya kubembeleza watoto. "Yatawatosha wote."

Mmoja wa wageni akatazama kikombe chake, na wengine wakatazama vyao, na juu ya ile chai ya moto, inayotoa mvuke, kulikuwa na utando mweupe wa mafuta yaliyoganda. Wakaaga. Hanifa aliziona sabuni walizoziacha mlangoni akatamani ajisugue nazo mpaka mifupani.

Abdulmajid alirudi kutoka safari ya watalii, akafungua mlango wa chumba amsalimie mkwewe, akaurudisha kabla hajavuka kizingiti. Akaketi uani. Alipoongea hakupandisha sauti.

"Mimi kila wiki naona fisi kule kreta wakila mzoga," akamwambia mkewe. "Harufu hii naijua. Hii si harufu ya mgonjwa."

Hanifa akasema mama anakula, amepona, watu waache maneno. Abdulmajid akasema yeye hawezi kulala nyumba ile. Wakabishana kwa kunong'ona mpaka Hanifa akakubali aitwe Maalim Luqman, mtu wa makamo aliyekuwa akiuza vipuri vya pikipiki sokoni na kuwasomea watu baada ya kazi.

Maalim alikuja baada ya sala ya alasiri, vidole bado vina grisi. Hakuingia. Alisimama kizingitini akaanza kusoma polepole, na kule chini kutafuna kukakoma, kukawa kimya cha watu waliosimamisha kula ili wasikilize nani anakuja, na mama kitandani akageuzia uso ukutani akaziba sikio kwa mkono wa kushoto, na kwenye sakafu, pale pale alipokuwa anapatazama Hanifa, mafuta yakaanza kupanda kupitia zege, tone baada ya tone, yakatambaa kuelekea miguu ya Maalim mpaka akarudi nyuma. Akaacha kusoma. Akauliza chini ya sakafu kuna nini.

Hanifa akamwambia.

"Hanifa," Maalim akasema, "wewe umesoma chuo."

Hakuhitaji kuongeza. Mtoto yeyote aliyekalia mkeka wa chuo cha Kurani anafundishwa jambo hilo siku za mwanzo, pamoja na kutawadha: ukienda haja usijisafishie mfupa, mfupa ni chakula cha majini. Hanifa alilijua tangu ana jino moja limeng'oka. Na siku ya lori alilijua pia. Kinyaa kilimfanya afunge mlango, haraka ikamfanya asahau, au tuseme alichagua kusahau.

Maalim alimweleza kwa upole. Mfupa wa mnyama aliyechinjwa kwa jina la Mungu wanaula majini waumini, nao hawana ugomvi na mtu. Ile ya Kakesio ni ya nyamafu. Ng'ombe walianguka wenyewe kwa kiu, hakuna aliyewatajia jina la Mungu. Wanaokula hiyo ni wengine.

"Na mama yangu?" Hanifa akauliza.

"Mama yako hali. Wanakula wao kwa kinywa chake."

"Wakiondoka?"

Maalim alifuta grisi vidoleni kwa kitambaa. "Kila mtu ana riziki yake, binti yangu. Ya mama yako sijui imebaki kiasi gani."

Asubuhi yake ukungu ulikuwa mzito hata ukuta wa jirani hauonekani. Walijaribu kumhamisha bibi wakashindwa. Abdulmajid na Sylvesta na majirani wawili walishika kitanda kwa pamoja, na kitanda hakikunyanyuka hata kidogo. Ikabidi sakafu ivunjwe yeye akiwa pale pale. Majirani wakaenda zao. Maalim akasimama kizingitini anasoma, Abdulmajid akawa wa kupokea makarai nje, na Sylvesta akainua mtaimbo.

Zege lilipasuka kwa urahisi kuliko zege linavyotakiwa kupasuka, na kutoka kwenye ule ufa ulipanda mvuke, wa moto, katika ile baridi ya mwezi wa saba, wenye harufu iliyowaingia kooni kama kitu cha kumezwa, na Sylvesta alipobandua kipande cha kwanza na kukigeuza, upande wa chini ulikuwa umelambwa ukalainika. Akachungulia ndani. Yeye ndiye aliyeimwaga mifupa ile, mikavu, myeupe, inayogongana kama vikombe. Sasa ilikuwa na nyama. Mbavu zilikuwa zimevaa minofu, mapaja yamevaa mishipa, taya zimeota ufizi na ulimi ndani yake, nyekundu, mbichi, vuguvugu, imetafunwatafunwa ikaota tena pale ilipotafunwa, na kati ya nyama na nyama yalikuwa yanatiririka yale mafuta, na kila mahali, kwenye kila mnofu, kulikuwa na alama za meno mapana ya kusagia. Sylvesta alitupa mtaimbo akatapika pembeni, akafanya ishara ya msalaba, akasema jambo kwa Kiiraqw ambalo hakulitafsiri. Halafu, Mungu ambariki, akarudi akashika koleo.

Karai la kwanza lilipovuka kizingiti, nyama ikanyauka, na kilichomwagwa uani kikawa mfupa mkavu. Na kitandani shavu moja la Bi Kuluthumu likabonyea. Hanifa aliliona. Karai la pili likatoka, mikono ya mama ikapungua. Kila karai lilivyotoka mwili ule ulishuka kidogo kidogo, mng'ao ukapotea, yale mafuta yakakauka yakawa vumbi kwenye shuka, na Hanifa aliyekuwa amesimama katikati ya shimo na kitanda, hana pa kukanyaga, hajui atazame wapi, akawa anamwona mama yake wa Singida anarudi, yule mwepesi, yule wa macho tu, na harufu chumbani ikawa inaisha, na kwa mara ya kwanza baada ya siku nyingi alivuta pumzi bila kuziba pua, na hiyo pumzi safi ndiyo iliyomtisha.

Lilibaki tabaka la mwisho chini kabisa. Mkono wa kulia wa mama ulisogea pajani. Ukanyanyuka, ukamtafuta Hanifa, ukamshika vidole. Ulikuwa mkavu, wa baridi, unanukia shuka na uzee. Ulikuwa mkono wa mama yake.

"Mwanangu," Bi Kuluthumu akasema, na sauti ilikuwa yake mwenyewe, imechoka. "Nimeshiba. Niache nikapumzike."

Maalim aliacha kusoma akamwambia Hanifa kwa upole amshike mama mkono, amsomee shahada sikioni, fundi amalizie. Hata Abdulmajid aliingia mpaka mlangoni, macho yamemjaa machozi, akainamisha kichwa kumwambia mkewe ndiyo. Haikuwa kazi kubwa. Makarai mawili, labda matatu, na neno la kusoma. Wangapi hufa hawapati hata hilo?

Hanifa alimtazama mama yake. Akaona jinsi kifua kinavyopanda na kukawia kushuka.

"Rudisha," akamwambia Sylvesta.

Fundi hakuelewa. Hanifa akarudia, arudishe mifupa, yote, sasa hivi. Sylvesta akaweka koleo chini. Akasema yeye ni fundi, amekosea mara moja na ataungama, lakini kwa mkono wake hatarudisha. Akatoka, vifaa vyake akaviacha. Maalim alimwita Hanifa kwa jina lake na la baba yake, akamkumbusha kwamba mama ameomba mwenyewe, kwa ulimi wake. Hanifa akaelekeza macho uani, kwenye lundo. Maalim akakunja kitambaa chake.

"Mlango uliofunguliwa na mwenye nyumba mimi sina pa kuusomea," akasema, naye akatoka, na Abdulmajid akamfuata akimwomba arudi, sauti zao zikapotelea kwenye ukungu.

Basi Mama Sabuni, yule wa kikombe kwenye kabati, alikwenda uani akapiga magoti kwenye lundo akakumbatia mifupa kwa mikono mitupu, akaibeba kifuani. Ilipovuka kizingiti ikaota nyama juu ya gauni lake. Aliisikia inavyoota, inavyotelezateleza, inavyopata joto. Alitapika, akafuta mdomo kwa bega, akaishusha shimoni, akarudi kuchukua mingine. Mkono wa mama ulimwambia hapana kila alipopita, mara ya kwanza kwa nguvu kidogo, mara ya pili kwa kidole, halafu ukalala pajani, kiganja juu, haukusogea tena. Hanifa aliuona na aliendelea kubeba. Mashavu yalikuwa yanajaa. Kifua kilikuwa kinapanda na kushuka, kinapanda na kushuka, na kwa hilo tu angebeba lundo lote la Kakesio.

Mfupa wa mwisho ulipoingia, aliketi ukingoni mwa shimo, mafuta mpaka viwiko, mpaka kwenye nywele. Kitanda kikalia. Bi Kuluthumu, aliyekuja akibebwa, alishuka kwa miguu yake mwenyewe, akaja akaketi karibu na binti yake, akaining'iniza miguu shimoni. Alikuwa mnene, mwenye afya, ananukia. Kwa mkono wa kushoto akavuta ubavu mmoja kutoka kule chini, akaung'ata, akautafuna muda mrefu, kwa subira, mpaka ukalainika. Halafu akautoa mdomoni kwa vidole, tonge jekundu lenye ute, akalipeleka kwenye midomo ya Hanifa, kama wazazi wa zamani walivyokuwa wakimtafunia mtoto anayeumwa.

"Umekonda kwa ajili yangu, kitindamimba," akasema. "Fungua mdomo."

Hanifa alizitazama zile mboni zikimtazama kwa mapenzi. Alimtafuta mama yake ndani yazo, na alitaka sana kumwona humo, hata akamwona.

Akafungua mdomo. Chini ya miguu yao waliokuwa wakitafuna wakaacha, wote kwa pamoja, wakisubiri ameze.